Farasi Mia Tisa na Tano

Al Ain, 25 Novemba 2018

Mwanangu Afra,

Assalaam alaikum. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu unajua masikio yangu yalishakufa. Miaka thelathini ya kusimama nyuma ya eksozi zinazonguruma imeyamaliza. Na ujumbe wa simu siutaki. Wanangu wanausoma juu ya bega langu, kisha baraza zima linaujua kabla kahawa haijapoa.

Mama yako ameniambia kwamba gari la marehemu baba yako umelipeleka Sharjah kwa Suhail. Nikadhani nimesoma midomo yake vibaya, nikampa karatasi aandike. Akaandika: SUHAIL.

Nimewahi kuingia katika karakana yake mara moja. Sakafu inang'aa kama ya hoteli, taa za zambarau, na kila pembe inapulizwa marashi. Turbo imewekwa ndani ya kabati la kioo kama dhahabu ya bibi harusi. Vijana wamevaa kandura nyeupe pe, wanapiga picha injini ambazo hawajawahi kuzigusa, wanatajiana namba: "Langu mia nane!" "Langu elfu moja na mia mbili!" Hakuna hata mmoja mwenye kucha chafu. Karakana isiyonuka mafuta ni saluni, mwanangu, na mimi saluni naionea kinyaa.

Gari lile ni Patroli la tani mbili na nusu na ushei. Injini yake tuliiunda mimi na ndugu yangu Hamdan kwa mikono hii, na ndiyo kitu pekee alichokuachia ambacho bado kina joto la viganja vyake. Siku tulipoiweka kwenye mashine yangu ya kupimia ilitoa nguvu za farasi mia tisa na tano. Karatasi ipo ukutani kwangu mpaka leo, na nakala baba yako aliibandika ndani ya mlango wa gari. Watu walikuja kutoka Fujaira, wengine kutoka Muscat, kuitazama tu.

Najua unataka kuupanda kwa gari lile mlima wa mchanga, Tuta la Rughaila, kwenye tamasha la Desemba, kama yeye. Panda. Lakini panda na injini tuliyoiunda sisi, siyo iliyopakwa wanja na Suhail. Lirudishe gari.

Ami yako,
Musabbah bin Saif

—

Sharjah, 29 Novemba 2018

Ami yangu,

Wa alaikum salaam. Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, kwenye mitambo ya kusafisha maji ya bahari, na nimecheka mpaka machozi, msimamizi akauliza nani kafa. Umenena kweli kuhusu marashi. Nikirudi nyumbani kutoka kwa Suhail, mama ananinusa na kuuliza harusi ilikuwa ya nani.

Lakini acha nikueleze kwa nini nimekwenda kwake. Mwaka jana nilipanda Rughaila nikafika theluthi mbili, gari likaishiwa pumzi, likazama mchangani mpaka kwenye ekseli. Unajua yaliyofuata? Wale mabwana wanaotazama kutoka chini ya tuta walikuwa wamekaa juu ya mikeka yao wakila tende, wanatema kokwa kwenye njia ya magurudumu yangu. Mmoja akapaza sauti, "Binti Hamdan! Baba yako alifika juu na sigara haijafika katikati!" Mwingine akaja na kamba kabla hata sijazima injini, akanena, "Pole mama, hili lilitaka dereva." Walinichefua.

Sasa jambo lenyewe. Suhail kabla ya kugusa kitu alilipima gari kama lilivyo. Ami, mashine yake ilitoa mia sita na arobaini. Akarudia mara tatu, ikawa ile ile. Nikafungua mlango nikamwonyesha karatasi yako. Akaisoma, akajikuna ndevu.

"Dada, mimi sibishani na marehemu. Ila mashine yangu haina undugu na mtu."

"Na ya ami yangu ina undugu?"

"Hilo kamuulize yeye."

Alinieleza hivi, na mimi ni mhandisi, nimemwelewa. Zile konrodi zinazoshika pistoni ni zile zile mlizoweka nyinyi wawili. Kama kweli injini ilishatoa mia tisa na tano, basi sasa imepoa tu kwa miaka ya kukaa, na konrodi zilishaubeba mzigo mkubwa bila kupinda. Hapo yeye ataweka turbo kubwa ya kuisukumia injini hewa, injekta kubwa za kuinyunyizia mafuta na pampu mpya ya mafuta, tufike elfu moja. Ni hatua fupi. Lakini kama tangu mwanzo ilikuwa mia sita na arobaini, konrodi hazijawahi kubeba zaidi ya hapo, na kuzipeleka elfu moja ni kuzivunja. Itabidi aifungue injini nzima, azitoe, aagize nyingine, na tamasha litanipita.

Suhail amekataa kugusa hata skrubu mpaka wewe ujibu. Umeona? Huyo kinyozi wako anangoja neno lako.

Basi nijibu kwa neno moja, Ami. Mia tisa na tano ni kweli?

Binti yako,
Afra

—

Al Ain, 3 Desemba 2018

Afra,

Ni kweli.

Hayo maneno mawili yangetosha, lakini umenitia uchungu na nitaongeza. Mimi nimeshika injini tangu huyo Suhail akiwa anavalishwa viatu na mama yake. Mashine yake ilitengenezwa kupimia vigari vya kuendea sokoni. Ukilifunga juu yake Patroli la tani mbili na nusu, na mikanda ikawa imelegea kidogo, matairi yanateleza kwenye yale mapipa ya mashine yanayozungushwa na magurudumu, na nusu ya nguvu inapotea kwa moshi wa mpira. Halafu anatoka na namba na kukuna ndevu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Na hiyo kauli yake ya "kamuulize yeye" imenikera kuliko yote. Mjini hapa hakuna aliyewahi kumwita Hamdan mwongo. Alipopita sokoni watu walisimama kumpa mkono. Leo kijana mwenye taa za zambarau anataka nimthibitishie!

Mwambie aendelee. Ila mwambie na hili, na ulisimamie mwenyewe: namba ya farasi ni ya kupigia picha, kinachobeba gari zito mchangani ni msokoto, ile nguvu inayosukuma kutoka chini. Na msokoto huo huo ndio muuaji. Asiulete mapema. Aiache injini ipande kwanza mpaka mizunguko elfu nne kwa dakika, ndipo turbo ijaze. Ukiuleta chini, konrodi zinabeba mzigo zikiwa bado zinajikokota.

Na mwakani ukipata nafasi, zibadilishe konrodi. Chuma kipya hakidhuru. Nimesema mwakani.

Musabbah

—

Sharjah, 14 Desemba 2018

Ami yangu,

Elfu moja na kumi!

Nimeiona kwa macho yangu ikipanda kwenye kioo cha mashine ile ile uliyoitukana. Suhail ameweka turbo yenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, kipoza hewa kipya, injekta, pampu mbili, na eksozi pana ambayo ukiikanyagia ndani ya karakana kifua kinatikisika. Msokoto umekaribia kuwa mara mbili ya ule wa kwanza.

Usinikasirikie kwa hili: shauri lako la mizunguko elfu nne sikulifuata. Tulijaribu hivyo kwenye mchanga wa karibu na gari likazama kama mwaka jana. Kabla injini haijaamka, matairi yalishajichimbia kaburi. Nimemwambia Suhail alete msokoto mapema, elfu mbili na mia tano. Aliguna. Akanifanya nitie sahihi kwamba yeye anafuata karatasi ya mlangoni na neno la ami yangu. Nikatia. Nani nimwamini kama si wewe?

Kinachonichefua sasa ni wale mabwana. Video ya ile namba imewafikia, na waliotema kokwa wananiandikia "shujaa wetu", "damu ya Hamdan haipotei". Mmoja amenitumia ua la kuchorwa kwenye simu. Nimelifuta nikanawa mikono, naapa, kama mtu aliyegusa kitu kilichooza. Mimi ni mtu yule yule, mkono ule ule, na namba tu ndiyo imebadilika.

Ninaondoka tarehe 22 kwenda kambini Rughaila na shangazi Salama na binti zake. Simu huko haishiki mpaka uende kwenye barabara ya lami. Zamu yangu ya kupanda ni alasiri ya tarehe 28. Njoo, Ami. Weka kiganja juu ya boneti kabla sijapanda, kama ulivyokuwa ukimfanyia baba. Nitakuwekea mkeka mbali na watema kokwa.

Afra

—

Al Ain, 24 Desemba 2018

Afra, mwanangu,

Usipande.

Mia tisa na tano si kweli. Suhail amepima sawa. Ilikuwa mia sita na arobaini tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye ninayejua kwa sababu mimi ndiye niliyefanya.

Nitakueleza kazi yenyewe, wewe utaielewa. Mashine ya kupimia ina kipimajoto kinachopima hewa ya chumbani. Hewa ikiwa ya moto ni nyepesi, injini inapata pumzi kidogo, kwa hiyo mashine inaongeza kidogo kwenye hesabu ili gari lililopimwa Agosti lisionewe na lililopimwa Januari. Watu walipotoka kwenda kunywa kahawa, nilikichukua kipimajoto nikakifunga kwa waya kando ya eksozi. Mashine ikaamini chumba ni tanuri, ikaongeza. Halafu kuna hesabu nyingine, ya nguvu inayoliwa na giaboksi na ekseli kabla ya kufika kwenye magurudumu. Hiyo unaiandika mwenyewe. Niliiandika kubwa. Ukijumlisha hayo mawili, mia sita na arobaini inakuwa mia tisa na tano, na karatasi inatoka safi, ina muhuri.

Nilifanya kwa huruma. Baba yako alikuwa ameshaanza kuugua figo, uso umemvimba, hacheki. Nilitaka nimwone akicheka mbele ya watu. Akacheka. Nikajiambia namba haiumi mtu.

Konrodi zile hazijawahi kubeba unachotaka kuzibebesha. Na umeleta msokoto elfu mbili na mia tano. Tangu nisome barua yako sijalala vizuri, wali unanuka mafuta ya injini mdomoni mwangu.

Naitia barua hii posta leo hii, kwa mkono wangu mwenyewe. Usipande. Toa sababu yoyote. Sema unaumwa.

Ami yako,
Musabbah

—

Sharjah, 3 Januari 2019

Kwa Musabbah bin Saif,

Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko. Mguu una jeraha la moto ambalo linabadilishwa bandeji kila siku, na kila likifunuliwa nauma kanga ya mama nisipige kelele. Niko hai. Nakuambia hilo kwanza usije ukasingizia kwamba hukulala.

Nilipanda alasiri ya tarehe 28. Nilipita pale niliponasa mwaka jana, nikaona anga mbele ya boneti, nikajua nafika. Kisha kukatokea kishindo kimoja. Konrodi ilitoboa ubavu wa injini ikatoka nje kama mfupa uliovunjika. Mafuta yakamwagika kwenye eksozi yenye moto, moto ukaja miguuni pangu, na gari likateremka kinyumenyume, likalala ubavu. Injini ya baba ina shimo ninaloweza kupitisha ngumi. Suhail ameitazama akakaa chini sakafuni, na hakunilaumu. Alisema tu, "Nilipima mara tatu, dada."

Barua yako nimeitoa kwenye sanduku la posta jana, nikiwa na plasta. Muhuri ni wa tarehe 24. Nilikuandikia kwamba tarehe 22 ninaondoka. Sanduku langu lipo Sharjah. Wewe ulijua nipo Rughaila.

Kutoka mlangoni kwako mpaka Rughaila ni saa mbili kwa gari. Una magari sita uani. Una wana wanne, kila mmoja na simu, na shangazi Salama alikuwa akienda barabara ya lami kila asubuhi kununua mkate na kusoma jumbe. Ungemtuma mmoja tu akaandika maneno mawili: Afra asipande. Ulikuwa na siku nne. Ulizitumia kufanya nini? Nimekaa na hiyo bahasha mapajani nikizihesabu siku hizo kwa vidole vya mkono wa kushoto.

Na bado kuna jingine. Aliyenitoa ndani ya gari anaitwa Khalfan bin Rashid. Yeye siku hizi huja na gari la kuvuta walionasa, hapandi. Alinifunika kwa koti lake, akaninywesha maji, akatazama ile karatasi mlangoni kwenye gari lililolala, ikiwa imeungua pembe moja. Akacheka kicheko kibaya.

"Binti, hii naijua. Mwaka 2009. Siku hiyo hiyo gari langu lilipimwa mia sita na sabini na moja. Wakaniita Mia Sita mpaka leo. Niliuza gari, sikupanda tena."

Nikamwambia baba alikuwa mgonjwa wakati ule. Akanitazama.

"Hamdan? Mwaka ule alikuwa mzima kama fahali. Alinibeba mgongoni kwa mzaha."

Nilimuuliza mama. Figo zilianza 2012. Karatasi ina tarehe, ami, wewe mwenyewe uliipiga muhuri: 14 Februari 2009. Kwa hiyo hata toba yako umeifunga kipimajoto kando ya eksozi. Umemfanya baba yangu mgonjwa miaka mitatu kabla ya ugonjwa wake ili wewe uonekane mwenye huruma. Mgonjwa huyo nilimwosha mimi, nilimlisha mimi. Umetia mkono kaburini kwake ukamtoa akusaidie.

Nataka kweli. Safari hii bila huruma.

Afra

—

Al Ain, 8 Januari 2019

Afra,

Nimeanza barua hii mara tano. Nne zimechanika.

Mashine ilikuwa mpya. Nilikuwa nayo miezi minne na hakuna aliyekuja kupima; wote walikuwa wanakwenda Dubai. Hamdan alikuwa anapendwa, na nilijua likitoka gari la Hamdan na namba ya kutisha kila mwenye gari zito atataka kusimama pale pale liliposimama. Ndivyo ilivyokuwa. Wiki iliyofuata foleni ilifika mpaka kwa muuza matairi. Sikumwonea huruma mtu. Niliona foleni.

Baba yako hakujua. Hilo naapa, na najua kiapo changu kina thamani gani kwako. Aliamini mpaka anakufa.

Ukisema uongo mmoja kwenye mashine ya kupimia huwezi kurudi nyuma. Yule wa pili akija na ukampa namba yake ya kweli, atauliza, mbona ya Hamdan ni kubwa hivyo na vifaa ni vile vile? Basi na yeye unamwongezea. Nimewaongezea watu miaka tisa, wote. Wale vijana wa kandura nyeupe ninaowatukana, nusu yao namba wanazotajiana zimetoka kwangu. Nilipoingia kwa Suhail nikawaona, nilikuwa natazama kazi ya mkono wangu na ndiyo maana nilitaka kutapika.

Umeuliza siku nne nilizitumia kufanya nini. Siku ya kwanza niliandika. Siku ya pili nilikwenda karakana nikafagia. Ya tatu nilimwita mwanangu Humaid, akaja, akasimama mbele yangu, nikamwomba aniletee maji. Ningemwambia, angejua, na wenzake wangejua, na baraza lote. Nikajiambia barua imeshakwenda, mimi nimeshasema. Nilitaka niwe nimesema bila mtu kusikia. Siku ya nne niliswali sana. Nilimwomba Mungu azishike konrodi.

Sijawahi kujichukia hivi. Nikijiona kwenye kioo wakati wa udhu nageuza uso.

Niletee injini. Nitaushona ule ubavu, nitaweka silinda mpya, krenki mpya, konrodi za chuma bora kuliko zote zilizopo. Miezi mitatu. Sitaki mtu anisaidie. Niruhusu tu.

Musabbah

—

Sharjah, 11 Januari 2019

Ami,

Sikuletei.

Nimekuita ami kwa sababu damu haibadilishwi kama konrodi. Lakini mikono yako isiiguse injini ya baba. Mimi na Suhail tutaishona pole pole, na ikirudi kuwaka tutaandika namba yake ya kweli, hata ikiwa mia tatu, na nitapanda nayo nikazame mbele ya watema kokwa wote.

Hasira yangu imeshapoa. Kilichobaki ni kinyaa, na hicho sijui kitakwisha lini. Usije nyumbani kwa sasa. Mama akikukaribisha, jua ni adabu yake tu.

Umeniandikia mimi kweli kwa sababu nimekukaba. Kuna watu miaka tisa wanatembea na karatasi zako. Mmoja wao kesho ataipeleka yake kwa fundi mwingine, fundi ataamini, na mtu ataungua, na pengine hatakuwepo Khalfan wa kumtoa. Daftari la majina unalo. Waandikie wote, kwa jina lako, na kila mmoja namba yake. Usiseme mashine ilikosea. Usimtaje baba isipokuwa kusema kwamba hakujua.

Anza na Khalfan. Na barua yake usiitie posta. Ipeleke mkononi, usimame hapo mpaka amalize kuisoma.

Afra

—

Al Ain, 15 Januari 2019

Bwana Khalfan bin Rashid,

Assalaam alaikum. Nimeileta mwenyewe kwa sababu nimeamriwa hivyo, na aliyeniamuru ana haki.

Tarehe 14 Februari 2009 ulileta gari lako kwangu lipimwe pamoja na la ndugu yangu Hamdan. Mlikuwa mmewekeana sharti mbele ya kambi nzima, kwamba atakayeshindwa atachinja ngamia mchanga na kulisha watu. Gari lako nililipima kwa haki. Lilitoa mia sita na sabini na moja. La ndugu yangu lilitoa mia sita na arobaini. Nikasogeza kipimajoto kwenye eksozi, nikaandika hesabu ya uongo, nikatangaza mia tisa na tano. Hamdan hakujua. Mtu mwingine hakuwemo. Nilikuwa mimi peke yangu.

Wewe ndiye uliyeshinda. Nguvu ilikuwa kwenye gari lako. Jina ulilopewa si haki yako, na gari uliliuza bure.

Mwezi uliopita binti wa ndugu yangu ameungua kwa sababu ya karatasi hiyo, na mtu aliyemtoa motoni ni wewe niliyekudhulumu. Sikuwepo.

Sina cha kujitetea. Lakini nataka ujue na hili, kwa sababu ndilo linalonirudia kila nikikaa kula. Ulichinja yule ngamia. Ulitandika mikeka, ukasimama ukigawa nyama kwa mkono wako, watu wakikucheka, na ulipofika kwangu ukanichagulia ya nundu, ukasema, "Kula, fundi, umechoka leo." Nikala. Ilikuwa laini. Nikakuomba uniongeze.

Musabbah bin Saif